Picha ya Rangi Dukani Kawe

Picha ile niliichapisha mwenyewe kule maabara, nikampa kaka kwa sababu alizipenda rangi zake. Akaibandika ukutani dukani kwetu Kawe, kati ya mabuibui ya kuuza na kalenda ya msikiti. Mteja akiuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Hiyo dawa ya dengi. Mdogo wangu anaitengeneza."

"Siyo dawa, kaka," nilimwambia mara chungu nzima. "Ni protini ya kirusi chenyewe. Inafanya kazi ya mkasi. Kirusi kikiingia mwilini kinatoa utepe mrefu, na usipokatwa vipande hakiwezi kuzaliana."

"Sasa mnaichora ya nini?"

Nilichukua mkasi wake wa vitambaa, nikabana kifungo cha koti katikati ya makali yake. Haukufunga. Nikamweleza kwamba tukilijua umbo la protini hiyo, tutaona pa kuchomeka kitu kidogo namna ile, na kitu hicho ndicho kitakuwa dawa. Akacheka.

"Usiniharibie mkasi wangu, bwana."

Picha ikaendelea kuwa dawa.

Masika yalipokwisha, homa ikamwangusha kaka. Vipimo vikasema dengi. Pale wodini hakuna aliyekijua kirusi kile kama mimi, na bado nilikuwa na kilekile alichokuwa nacho muuguzi: dripu na vidonge vya kushusha homa. Kompyuta yangu ilikuwa imenichagulia vitu chungu nzima vinavyoenea pale pa kuchomeka, kwenye kitundu cha protini. Tulipovijaribu kwenye seli hai, kimoja baada ya kingine vilishindwa. Niliichukia kazi yangu, nikazichukia na zile rangi.

"Lete basi ile ya ukutani," kaka alininong'oneza, fizi zikimvuja damu. Sikujua kama ananitania. Mpaka leo sijui.

Tulimzika baada ya swala ya alasiri. Matanga yalipoanuliwa, mama alitaka twende tukafungue duka. Hakugusa kitu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye picha.

"Ndiyo dawa yenyewe hii?"

Nilikuwa nimechoshwa na neno hilo. "Hapana, mama. Hiyo ndiyo iliyomuua."

Aliitazama sana. Kisha akaibandua taratibu, asiichane, akanikabidhi.

"Kwa hiyo siku zote ulikuwa unaijua," alisema.