Leso ya Adeke katika Mlolongo wa Mwalimu Among

Adeke, muuza njugu wa soko la Amagoro, alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, na mwaka ule wa tisini na saba maoni yake yote yalimhusu Mwalimu Among. Mwanamke kutaka udiwani! Wenzake sokoni walicheka hadi wakashika mbavu.

"Chekeni tu," aliwaambia huku akipima njugu. "Watoto wangu watano amewafundisha kusoma yeye. Omagor ni diwani miaka mitano sasa, na maji ya kisima chake bado tunayanywa kwa masikio!"

Jambo moja tu lilimkera. Mkwewe Emojong, mpakiaji wa malori kule mpakani Malaba, alikuwa akivaa kofia ya kampeni ya Omagor. Kumuuliza hangeweza. Kwa desturi ya Wateso, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani wala hawapeani mkono. Hata mjukuu alipozaliwa, Emojong alimnunulia Adeke doti nzima ya leso na kuituma kwa mkono wa mkewe, Akiror. Adeke aliipenda mno, hata hakuikata vipande viwili. Aliizungusha kiunoni mara mbili, ikawa hivyo kila siku.

Habari za nyumbani pia zililetwa na Akiror kila siku ya soko: mtoto ameota jino, jiko limeezekwa mabati, ng'ombe amezaa.

"Na ile kofia?"

"Mama, jua la Malaba ni kali. Kofia ya bure ni kofia."

"Kuna kofia na kuna kofia, wewe!"

Siku ya mchujo wa chama ikafika. Hakukuwa na karatasi za kura. Watu walipanga mlolongo uwanjani mwa shule, kila mtu nyuma ya picha ya mgombea wake, kisha karani ahesabu vichwa. Adeke alipofika, mtu wa mwisho katika mlolongo wa Mwalimu, kichwa wazi, alikuwa Emojong!

Nusura apige vigelegele. Lakini atasimamaje nyuma ya visigino vya mkwe? Akasimama hatua nne nyuma yake, macho pembeni, kama alivyolelewa. Wanawake wa sokoni wakaja mbio, wakajipanga nyuma yake. Filimbi ikalia: kuanzia hapo, hakuna kubadilishana nafasi.

Karani, kijana Mjaluo aitwaye Onyuka, alimaliza mlolongo wa Omagor: mia moja tisini na wanane. Akaja kwa Mwalimu. Alipomfikia Emojong, mia moja sabini na mmoja, akaliona lile pengo.

"Mlolongo unaishia hapa."

"Umekatika! Umekatika!" watu wa Omagor wakashangilia. "Mama, si usogee? Kwani mkweo anauma?"

Adeke akageuka kutazama. Nyuma yake walikuwa wanawake thelathini na watano. Akisogea, amemwaibisha mkwe na binti yake mbele ya lokesheni nzima. Asiposogea, amemwangusha Mwalimu kwa miguu yake mwenyewe.

"Karani, mwanangu, huyo ni mkwe wangu. Kwenu mama mkwe husimama wapi?"

Onyuka akakohoa. "Mbali, mama. Mbali sana. Lakini nahitaji mlolongo, na mlolongo hauna shimo katikati."

"Basi ngoja niuzibe."

Akafungua leso kiunoni, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili, akashika pindo moja na kulirusha la pili. Likatua begani pa Emojong. Bila kugeuka, akalikamata na kulivuta likanyooka.

Onyuka akaifuata leso polepole hadi kwa Adeke.

"Mia moja sabini na wawili."

"Kitambaa si mtu!" wakala wa Omagor akafoka.

"Nani amehesabu kitambaa?" Onyuka akajibu, akaendelea hadi mia mbili na saba. Mwalimu Among alishinda kwa watu tisa.

Siku ya soko iliyofuata Akiror alileta habari: jino la pili limetoka, na ile kofia imevishwa sanamu ya kufukuza ndege shambani. "Na Emojong anauliza, leso sasa utaikata?"

"Mwambie haikatwi!" Adeke akamwongezea mteja konzi ya njugu bila kuombwa. "Dada, ulikuwepo uwanjani? Ulimwona mkwe wangu? Aliishika mpaka mwisho, na hakugeuka hata mara moja."