Njia ya Sentimita Hamsini

Wanafunzi walimwita Fundi Ngazi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Miaka ishirini na sita alipanda ngazi akipamba vioo vya maduka na kuzivisha sanamu nguo, mpaka magoti yakakataa. Ndipo akaja chuoni kufundisha vijana kuchora duka kwa kompyuta: rafu ikae wapi, kaunta wapi, taa imulike nini. Programu yenyewe alijifunza ukubwani, na kipanya kilisitasita mkononi mwake.

"Bibi anatafuta faili au anatafuta miwani?"

Aliwasikia. Aliwajibu kwa kuwarudishia michoro yao imejaa wino mwekundu.

Kilichowachoma zaidi ni kwamba mkuu wa chuo alikuwa amemwoa mdogo wake. "Kaingia kwa mlango wa jikoni," walisema. Hawakujua kwamba mashemeji hao hawajaiva chungu kimoja tangu siku ya harusi.

Muhula wa pili, kijana mmoja aliyeitwa Bingwa kwa wepesi wake wa kuchora aliandika barua, na darasa zima likatia sahihi: mwalimu huyu haijui kompyuta, aondolewe. Mkuu akamwita ofisini.

"Shemeji," alianza mwalimu.

"Hapa niite mkuu."

"Haya, mkuu."

"Kesho nakuja darasani. Nikiona wanayosema ni kweli, kazi huna."

Asubuhi mwalimu aliwahi. Alichukua mchoro wa Bingwa, ule uliosifiwa na wenzake wote, akashika futi na kuzisukuma kabati za darasani zikae vilevile: rafu huku, rafu kule, njia katikati sentimita hamsini. Kiti cha mgeni akakiweka mwisho wa njia. Alijua anachofanya.

Mkuu alikuwa mtu wa tumbo. Aliingia, akasalimu, akakifuata kiti. Hatua ya tatu akakwama. Akajaribu kupita ubavu. Kifungo cha koti kikanasa kwenye kitasa cha kabati. Mwanafunzi mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Nani kapanga upuuzi huu?"

"Nimepanga mimi. Kachora Bingwa."

Bingwa alisimama. "Kwenye kompyuta mtu anapita vizuri tu."

"Mwonyeshe mkuu huyo mtu," mwalimu alisema.

Kwenye skrini, kijitu cha programu kilitembea, chembamba kama njiti, bega lake likizama ndani ya rafu na kutokea upande wa pili kama jini. Hakuna aliyewahi kulitazama bega lile.

"Mteja wangu ana mkoba," mwalimu alisema. "Ana mtoto mgongoni. Ana tumbo. Hapiti ubavu huyo, anatoka nje."

Mkuu alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, uso umemwiva. Nje alimvuta mwalimu kando.

"Umenidhalilisha mbele ya watoto."

"Na barua yao?"

"Darasa baki nalo. Nyumbani kwangu usije tena."

Hayo yalimuuma kuliko barua, maana mdogo wake alikuwa huyo huyo mmoja. Akarudi ndani.

Hakuna aliyeinua uso. Bingwa alikuwa amefungua mchoro wake, anazisogeza rafu moja moja, akibofya kwa hasira kama anayeua chawa.

"Tisini," mwalimu alisema nyuma yake.

"Nimeweka mia," alijibu bila kugeuka.

Mwalimu akainama, akasoma kipimo, akaenda meza iliyofuata.