Upawa Mmoja

Kafedha hakumpenda Bramwel tangu siku ya kwanza, na hakujisumbua kuficha. Makao ya wazee ya Chaani aliyaanzisha yeye na akina mama wa kanisani, na mpishi ni yeye mwenyewe. Humo wamo wazee kumi na mmoja wasio na watu. Serikali hutoa ruzuku ya shilingi mia na ishirini kwa kila mzee kwa siku. Ilipopangwa, miaka tisa iliyopita, kila sahani ilipata pawa mbili za maharagwe. Tangu hapo unga umepanda, mafuta yamepanda, makaa yamepanda. Ruzuku imeketi kitako kama bibi harusi.

Barua tatu ameandika, akiomba ruzuku iongezwe kila mwaka bei zinapopanda. Leo Bramwel, ofisa wa ruzuku, ameleta jibu: mkataba wa miaka mitano, kiasi kile kile. Asiyetia sahihi leo, mwezi ujao hapati hata senti.

"Na barua zangu?"

"Tulizipokea, mama. Serikali haiwezi kukimbizana na bei za soko la Kongowea. Jifunzeni kubana matumizi."

Kubana! Damu ilimchemka Kafedha. Lakini ilikuwa saa saba mchana, na Mgiriama hamwachi mgeni aondoke na tumbo tupu, hata mgeni wa aina hiyo. Akampakulia kama anavyowapakulia wazee: kipande cha ugali cha kujaa kiganja, na upawa mmoja wa maharagwe.

Wazee wakiwa bado wananawa, Bramwel akawa amemaliza. Akaifuta sahani kwa kidole.

"Mama, niongezee kidogo."

"Umesemaje?"

"Niongezee. Hiki hakimshibishi mtu mzima."

"Barua zangu zote tatu zilisema neno hilo hilo," akasema Kafedha. "Hakiongezwi. Jifunze kubana."

Mzee Nyale, ambaye haoni, aliona aibu kuliko wote. Mgeni ameomba chakula kwao, akanyimwa! Akaipapasa sahani yake, akamsukumia.

"Kula, mwanangu. Usimsikilize huyo."

Naye Bramwel, haya kaiacha afisini, akala.

Kafedha akatia sahihi. Angefanyaje? Kesho wazee wangekula nini? Gari lilipoondoka akampa Nyale chakula alichojiwekea mwenyewe, akamwongopea kuwa sufuriani kulibaki.

"Mgeni kashiba?" mzee akauliza.

"Kashiba, baba. Hao hawakosi kushiba."