Mama Mkwe Alivyonipimia Pikipiki

Msimwite mama mkwe awasaidie kurekebisha springi ya pikipiki. Nimewaonya.

Leo asubuhi niko chini kwenye maegesho ya jengo letu, hapa Etobicoke, na pikipiki yangu ya porini. Nikiikalia, nyuma inatakiwa ishuke sentimita kumi. Si kazi ya mtu mmoja: wewe unakaa, mwenzako anapima.

Mke wangu yuko kazini. Mama yake yupo, na ni fundi cherehani. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni!

Pikipiki ikiwa imeinuliwa, bila mtu, kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi kwenye madigadi: sitini.

Nikapanda, na helmeti na mabuti. (Mama mkwe amechuchumaa nyuma yangu. Aibu niliyoona, acheni tu.)

"Hamsini na tano, baba."

Imeshuka tano tu? Nani kati yenu angembishia mama mkwe? Semeni hapo chini.

Nikalegeza springi. Nikalegeza tena, mpaka akasema hamsini.

Kumi kamili! Nikawasha, nikaondoka kwa mbwembwe. Tuta la kwanza tu, tairi likagonga madigadi, kraa!

Nikarudi. "Mama, ulipima vizuri kweli?"

"Vizuri sana. Ila kila ulipokaa niliongeza tano. Za kupumulia."

"Za kupumulia? Kwenye pikipiki?"

Akakunja tepu yake taratibu.

"Baba, hiyo suruali uliyovaa nimekushonea mimi. Ulidhani inafunga kwa sababu umepungua?"