Maji ya Bati la Jirani

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha Chanji, Sumbawanga, msimu ule biashara binafsi ziliporuhusiwa na kila mwenye vijisenti akataka fremu ya duka. Jirani yetu Baba Kulwa, Msukuma aliyekuja Ufipa na ng'ombe kisha akahamia mjini, aliiegemeza fremu yake kwenye ukuta wa chumba cha Bibi, ambao ndio uliokuwa mpaka wetu. Bati lake jipya lilimwaga maji yote upande wetu, na ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali mbichi. Mvua ya kwanza tu, udongo ukaanza kumeguka juu ya kitanda cha Bibi. Aligoma kuhama. Chumba hicho alijengewa na Babu, alisema, na atatoka humo amebebwa. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, na kila wingu lilipotanda nilikimbia kuutazama ukuta wake.

Mama alikwenda kumwona Baba Kulwa, akajibiwa kwa upole kwamba fundi ameshaondoka. Mama hakuwa mtu wa kupeleka kesi kwa balozi wa nyumba kumi. Aliloweka ulezi, akapika pombe, akawaita majirani wanywe, kesho yake waje kuunusuru ukuta. Kwetu pombe ya namna hiyo si ya sherehe. Ukiionja, umekubali kazi. Baba Kulwa hakulijua hilo. Alisikia vicheko, akaja na kigoda chake mwenyewe, akanywa, akasifu, akaongezewa.

"Karibu sana, Baba Kulwa," Mama alisema, macho chini. "Kesho uje na koleo."

"Koleo la nini tena, Mama Leonida?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipoelezwa, aliitazama kata ya pombe mkononi mwake, naye akaangua kicheko. "Basi mmenipata!"

Asubuhi alifika wa kwanza, na koleo na mfuko wa saruji. Lakini alipoingia ndani na kuona kitanda kilivyojaa udongo, utani ulimwisha.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe, sikujua."

"Marahaba, mwanangu. Panda juu ukapige misumari."

Akapanda. Wengine wakipiga lipu, yeye alifunga mfereji wa bati uliopeleka maji barabarani. Bibi alilala pakavu mpaka siku zake zilipotimia.

Leo naishi mji mkubwa, ndani ya uzio wenye nyaya za umeme. Juzi jirani alishusha tofali za kujengea ubavuni mwa uzio wangu, nami sijui hata jina lake. Wanangu wananihimiza nitafute wakili. Nimewaambia wasubiri kwanza. Navaa kandambili, nakwenda kumpigia hodi.