Nyumba ya Bure Norwei

Usinitazame hivyo. Mie si mtu wa kusimulia mambo ya majini. Nimepiga taipu ofisi za serikali miaka mingi, na kazi ya taipu inakuzoesha kuandika kilichopo, usiongeze wala usipunguze. Haya yalinikuta Jumamosi mchana, jua linawaka, na mtoto wangu nimemshika mkono. Kama hujala, kula kwanza. Ukishanisikiliza hutataka tena.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tunakaa Temeke, vyumba viwili vya kupanga. Mume wangu, fundi umeme, alipelekwa Norwei kusomea mitambo ya umeme wa maji. Alipofikisha mwaka, chuo kikasema kitamlipia mkewe na mtoto tiketi za kwenda kumtembelea wiki mbili. Tiketi tu. Pa kulala mjitafutie wenyewe. Yeye alikuwa bwenini, wanaume wanne chumba kimoja, na hoteli za kule hazikuwa za watu kama sisi. Akaniandikia: "Mama Zuhura, wanataka anwani ya mtakapofikia. Tusipoipeleka kabla ya mwezi wa tatu, nafasi watampa mwingine."

Zuhura ndiye binti yetu, alikuwa na miaka saba wakati huo. Baba yake alipoondoka, mtoto alikuwa na meno ya utoto. Yakang'oka, yakaota mengine, baba hajayaona. Ungekuwa wewe usingehangaika? Barua moja ilichukua wiki tatu kufika. Mwezi wa pili ukaingia, sina anwani.

Ndipo Agnes, mwenzangu wa ofisini, aliponiambia, "Kuna bibi mmoja Mikocheni aliolewa na Mnorwei. Mume alikufa, lakini nyumba kule bado ya kwake. Nasikia anapenda kuwasaidia wanaosafiri."

Jumamosi ile tulipotoka kazini saa sita nikampitia Zuhura, tukapanda basi, tukatembea kwenye mchanga wa moto mpaka kwenye uzio wa mchongoma nilioelekezwa. Sijapiga hodi, mlango ukafunguka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na mtoto. Vizuri sana."

Mwanamke mzee, mweupe wa nywele, kanyooka. Lakini alivaa koti la sufu, Februari ya Dar! Glavu mkononi, soksi nzito hadi magotini, na hatoki hata tone la jasho. Mie nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na baridi, na sikuona feni wala mashine yoyote. Na harufu. Kwanza unasikia kama majivu yaliyomwagiwa maji. Ukivuta tena, chini yake kuna nyingine, tamutamu, kama bandeji iliyokaa siku nyingi kwenye kidonda. Nikasema moyoni, wazee ndivyo walivyo, nikakaa.

Na niamini, yule bibi alijua mambo. Alichukua karatasi akaniandikia safari yote: ndege tutabadilisha wapi, treni ipi kutoka uwanjani, kivuko kinaondoka saa ngapi, tushuke gati la ngapi. Akaniambia nisimnunulie mtoto viatu vya plastiki kwa sababu vinateleza kwenye barafu, nimvalishe soksi mbili, na tukifika tuwashe jiko kabla ya kuvua makoti. Nyumba ni ya manjano, mlango mwekundu, karibu na kanisa. Nikamwona kama Mungu kanitupia kamba.

"Tutakulipa nini, bibi?"

"Hamtanilipa. Vitanda viko vinne."

"Sisi watatu tu."

"Najua," akasema. "Kuleni kwanza."

Akaleta sahani mbili. Samaki, akasema, samaki wa kwao marehemu mumewe kule Norwei, analowekwa kwenye maji ya majivu mpaka analegea. Kitu cheupe, kinatikisika kama ute wa yai, kinaogelea kwenye siagi. Sahani yake yeye haikuwepo. Nililiona hilo. Mtu anakupa nyumba bure, utamuuliza mbona hali?

Nikaweka mdomoni. Hakikuwa na haja ya kutafunwa. Kilikuwa vuguvugu, kikashuka chenyewe, kama kilijua njia. Nikala tena na tena, natabasamu, machozi yananitoka.

Zuhura alisukuma sahani. "Mama, samaki huyu ana vinyweleo."

Nikamfinya paja chini ya meza. "Kula. Usinitie aibu."

Akanitazama, akafumba macho, akameza.

Kijiko changu cha mwisho ndicho kilichokuwa na kitu kigumu. Nilidhani mfupa. Nikakitoa kwa vidole: ukucha. Si gamba la samaki, si kipande cha ganda. Ukucha wa mtu, wa kidole gumba, mzima, bado una kinyama kwa chini.

Nilipoinua macho, bibi alikuwa amevua glavu. Kidole chake gumba kilikuwa kitupu, chekundu, kinang'aa kwa unyevu. Akaona nimeona, wala hakushtuka. Akainama akateremsha soksi moja, taratibu, kama mtu aliyechoka kuficha. Shavu la mguu halikuwepo. Lilikuwa limechongwa kwa kisu, vipande vilivyonyooka, hadi karibu na mfupa, na pale palipochongwa nyama ilikuwa nyeupe, inatikisika. Damu hakuna. Siagi ndiyo iliyokuwa ikichuruzika.

"Nataka kurudi kwangu," akasema, kwa sauti ileile ya kueleza treni. "Peke yangu sivuki maji. Mtu akinibeba tumboni, navuka. Msiogope, nikifika nitashuka mwenyewe."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka niko nje ya uzio, nimepiga magoti, natapika mpaka nyongo, na nilichokitapika ni cheupe bado, hakijasagika hata kidogo. Nikamshika Zuhura nikamtia kidole kooni. Akakohoa, akalia, akaning'ata. Hakikutoka kitu.

Baada ya hapo mtoto akabadilika. Usiku ngozi yake ya baridi kama mtungi. Asubuhi moja nikamkuta kapiga magoti mbele ya jiko la mkaa, anaramba majivu, ulimi mweusi, na anatabasamu. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema minyoo, akatupa vidonge. Nilimpeleka kwa shehe wa mtaani, akamsomea, akaniambia, "Mama, huyu aliyemo hataki kumdhuru. Anataka kufika tu."

Sasa nifanye nini? Barua ya mume wangu ikaja: mwalimu wake mmoja amejitolea chumba cha chini ya nyumba yake, anwani imekubaliwa, tiketi zimetoka. Nilikuwa nimeapa siendi. Lakini yule bibi alisema atashuka akifika. Ningembakisha mwanangu Temeke na kitu kile ndani, kikae mpaka lini? Nikafunga mizigo.

Mume wangu alitupokea gatini analia na kucheka. Akamwambia Zuhura amwoneshe meno. Mtoto akafungua mdomo, na mwenzangu akarudi nyuma hatua moja. "Mbona ananuka majivu?" Nikamweleza yote usiku ule. Hakunicheka, lakini hakuniamini.

Siku ya tatu tulitoka kutembea, theluji imelala kila mahali. Zuhura akaanza kutuvuta. Kushoto hapa, akasema, kisha panda hapa. Baba yake akacheka, "Ona, amekuwa mwenyeji." Mie sikucheka, kwa sababu kanisa nilishaliona. Na nyuma yake nyumba ya manjano, madirisha yamefungwa, ngazi zimejaa theluji ambayo hakuna mtu aliyeikanyaga.

Mtoto alisimama mbele ya mlango mwekundu. Akajikunja. Shingo ikavimba kama ya mtu aliyepaliwa, na kikamtoka: bonge jeupe, kubwa kuliko ngumi yangu, kubwa kuliko kile kijiko kimoja nilichomlazimisha. Kilikuwa kimekua. Kilianguka kwenye theluji, kinatoa mvuke, kimeota nywele chache nyeupe upande mmoja. Na hakikutulia kama matapishi yanavyotulia. Kikajikunja, kikajinyoosha, kikapenya chini ya mlango bila haraka, kama mtu anayeingia kwake na hataki kuwaamsha wenzake. Tukasikia ndani kiti kikivutwa.

Mume wangu alimbeba mtoto tukakimbia. Njiani Zuhura akasema, "Mama, nina njaa." Akala mkate mzima siku hiyo. Leo ni mtu mzima na ana watoto wake, hakumbuki chochote. Baba yake alikumbuka, lakini hadi anaingia kaburini hakutaka tulizungumzie.

Mie ndiye niliyebaki nalo. Samaki sili. Ute wa yai siangalii. Siagi ikiyeyuka kwenye kikaango natoka jikoni. Kwenye sherehe mtu akinipakulia, napekua sahani kwa vidole kwanza, watu wananiona sina adabu, na wanione hivyohivyo.

Ungedhani yaliishia hapo. Miaka baadaye, karibu nistaafu, nilikuwa kwenye foleni ya pasi za kusafiria. Mbele yangu msichana muuguzi anakwenda masomoni hukohuko. Nikamuuliza, mwanangu, utafikia wapi? Akafurahi kuulizwa. "Nimepata nyumba ya bure, mama. Kuna bibi Mikocheni. Masikini hana miguu yote miwili, yuko kwenye kiti cha magurudumu, lakini mkarimu! Anapika mwenyewe."

Mate yalinijaa mdomoni, machungu. Nikamvuta pembeni nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, sikuficha kitu. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini mie nilishakula. Tena niliongeza."

Akarudi kwenye foleni, na nilipompita kutoka nje nikaisikia ile harufu pumzini mwake.

Kwa hiyo ukipata safari, lala stesheni, lala sakafuni kwa rafiki, lala umekaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege. Nyumba ya mtu anayekulisha na yeye hali, iache na ufunguo wake. Na mtoto wako akisukuma sahani ugenini, msukumie mbali zaidi. Usimfinye. Mwanangu alishajua, alishaniambia, na alimeza kwa sababu mama yake alimwambia ameze.