Kisanduku kilichosahau kazi ya asubuhi nzima

Leo Ijumaa, mwezi wa tatu tangu nitoke Busia, na bado sielewi kilichotokea.

Tuko duka la leso, Biashara Street. Mimi navuta nyaya tu. Fundi Salim ndiye aliyeshinda na laptopu akikipanga kisanduku cha mtandao: kamera huku, kompyuta za mauzo kule.

Vyote vikafanya kazi! Nilikuwa nisafiri usiku huu, nimwone binti yangu Nekesa kabla hajarudi shuleni Jumatatu.

Adhana ilipolia, mwenye duka akazima umeme wote ukutani, kama kawaida yake kila Ijumaa.

Tuliporudi baada ya swala akawasha. Kisanduku kinamulika taa, lakini hakijui lolote.

"Kwani nimevunja nini, mwanangu?" mzee mwenye duka akamuuliza Salim.

"Hukuvunja, mzee. Mimi sikuhifadhi mipangilio niliyoiweka. Umeme ukizimwa kabla ya kuhifadhi, kinasahau."

"Mtambo gani huu, ukilala kidogo unaamka haujijui!"

Hapo niko na mzee. Simu yangu nikiizima, namba zenu zote zinabaki. Wajuao nielezeni.

Mchana huu duka limejaa wateja, kwa hivyo tunaanza upya kesho asubuhi. Nekesa, nitapanda basi la jioni. Jumapili nitakuwa nyumbani.